Rundo Linalopumua

Jumatatu, 23 Juni

Nepi zimefuliwa. Viazi vimemenywa. Keza amenyonya, amelala, ameamka, amenyonya tena. Na harufu ya mazutu, dizeli ile iliyomwagika, iko pale pale. Kwenye nepi, kwenye viazi, kwenye nywele za mtoto. Nimemwogesha asubuhi na jioni, bado ananuka kama gari.

Lori lilikosa kona juu yetu wiki iliyopita, pale barabara inapopanda kwenda Kanama. Dereva alitoka mzima, Mungu ashukuriwe. Lakini mapipa yalijiviringisha mpaka shambani kwetu yakapasuka. Kesho yake mwenye mali akatuma watu. Wakaokota mapipa. Mazutu wakatuachia.

Maharage yalikuwa yamebakiza kidogo tuvune. Yamekauka yakiwa yamesimama. Faustin, baba yake Keza, amerudi kutoka Petite Barrière mpakani, amebeba mizigo ya watu kutwa, akaenda kusimama katikati ya shamba bila hata kuvua viatu.

Jumatano, 25 Juni

Mkuu wa mudugudu amekuja. Ana heshima yake, hakupaza sauti. Lakini ametupa sharti.

Chini ya shamba letu iko chemchemi. Mudugudu wote, kijiji kizima, unachota pale, sisi pia. Sasa ni kiangazi, mazutu yamekaa juu juu kwenye udongo. Mvua za Septemba zikianza zitayasukuma mpaka kwenye maji. Kwa hiyo udongo uwe umesafika kabla ya mvua. La sivyo mashine itakuja, iuchote wote, upelekwe mbali.

Wote. Huku kwetu chini ya udongo ni mawe ya volkano matupu. Wakichota, hakuna shamba tena. Na hatuna lingine.

Faustin anasema twende Busasamana kwa kaka yake, kule ardhi haikosekani. Mi nimesema hapana. Kwa kaka yake nitakuwa mgeni mpaka nife, nitaomba ruhusa hata ya kuchuma mboga za dodo. Amekasirika. Na mi nimekasirika. Tumekula kila mtu na sahani yake.

Ijumaa, 27 Juni

Agronome, bwana shamba wa sekta, amefika na pikipiki yake. Kijana, miwani imejaa vumbi. Ameinama, akachukua udongo mkononi, akanusa, akasema haujafa. Nilimwangalia kama mtu anayeniuzia dawa ya uongo.

Anasema ndani ya udongo iko mikrobe zinazokula mazutu. Zimo tayari, hakuna haja ya kuzileta kutoka popote. Ni za kulishwa tu ziongezeke. Mikrobe! Mi kila siku nazifukuza kwenye mikono ya Keza kwa sabuni, leo naambiwa nizilee.

Lakini alivyoendelea kueleza nikaelewa. Mazutu kwazo ni chakula, ila ni chakula cha aina moja. Ni kama wanavyotufundisha kituo cha afya: mtoto ukimpa viazi vitupu kila siku, anashiba lakini hakui. Kwa hiyo zipewe na mavi ya ng'ombe. Zipewe maji kidogo, zisikauke. Udongo wote mbaya tuukusanye rundo moja, chini tutandike shitingi ya plastiki usivuje, juu tuweke majani kwa ajili ya jua.

Akatuonyesha na namna ya kupima. Udongo kidogo kwenye chupa ya kioo, maji, tikisa, acha itulie. Mafuta yakiwemo yanapanda juu na kung'aa rangi rangi. Tumejaribu. Yalipanda mazito, yanapendeza macho. Nimeyachukia.

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni anasikiliza yote. Akauliza, hao wadudu wako ni kama wale wanaochachusha urwagwa? Agronome akacheka: "Ni ndugu zao, bibi mukecuru!" Basi, tangu hapo mama mkwe anatembea kama mtu aliyepewa cheo. Pombe yake ya ndizi inajulikana mpaka Kanama.

Jumamosi, 28 Juni

Siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwezi. Badala ya kuzibua mtaro, mkuu wa mudugudu amewaleta watu wote kwetu na majembe. Sikutegemea. Nilitaka kulia, nikaenda kujificha jikoni na Keza mgongoni, nikarudi.

Zaina jirani yetu alikuwapo. Nusu ya ndugu zake wako Goma, na mdomo wake hauna breki. "We Mama Keza, batu banalima viazi, we unalima mazutu! Siku ya kuvuna uniite, nitakuja na bidon nijaze!" Watu wamecheka mpaka majembe yakasimama. Na mimi. Mara ya kwanza tangu lile lori.

Shamba sasa lina shimo pana kama jeraha. Rundo liko nyuma ya jikoni, kubwa kuliko ng'ombe aliyelala. Mavi nitachukua kwa Zaina, ameshakubali. Hataki kitu, anataka tu kuendelea kunicheka.

Mgongo unaniuma. Nimefarijika kidogo.

Alhamisi, 3 Julai

Mavi. Maji. Keza. Mavi. Mikono yangu inanuka vitu vitatu kwa pamoja. Maji ya kuoshea mboga yote yanaenda kwenye rundo, ya sabuni hapana.

Jumatano, 9 Julai

Asubuhi rundo lilikuwa linatoa mvuke. Nikadhani linaungua! Nimeingiza mkono. Joto. Joto zuri, kama mgongo wa Keza akitoka usingizini.

Nimemwita mama mkwe, nimemwita na Faustin kabla hajashuka barriere. Faustin ameingiza mkono, akautoa, akaurudisha. "Iko hai kweli?" Iko hai, baba Keza. Ametabasamu kidogo, akaondoka haraka nisione.

Mama mkwe anasema ameliona hilo tangu zamani: linachacha.

Jumapili, 13 Julai

Kanisani mama mkwe amenitia aibu. Kitenge kilikuwa kimepanda kikafunika uso wa Keza mgongoni, na yeye akatoa sauti mstari mzima ukasikia: "Fungua pua ya mtoto, Mama Keza! Unataka avute nini humo ndani?" Kila Jumapili ni hilo hilo. Pua ya mtoto, pua ya mtoto. Najua anampenda. Lakini mbele ya wanakwaya!

Kurudi nyumbani akahamia kwenye rundo. Anasema tunalipotezea joto. Mvuke ule wa asubuhi ndio nguvu yake inayotoroka. Ndizi zisipofunikwa vizuri haziivi, zinaoza nusu nusu, na yeye amevundika ndizi tangu kabla Faustin hajazaliwa. Nikasema tumuulize agronome kwanza. Simu yake haipatikani, sektani wanasema yuko mafunzo Musanze.

Donc basi, tumevundika. Majani ya migomba tabaka juu ya tabaka, shitingi nyingine juu, udongo mbichi pembeni zote, mawe. Mama mkwe anazunguka anaziba kila tundu kwa kidole, kama anavyoziba shimo lake la ndizi. Nilikuwa na shaka. Lakini mtu akiwa na uhakika hivyo, na wewe hujalala vizuri tangu mtoto azaliwe, unakubali.

Na harufu imekata. Kwa hilo namshukuru.

Alhamisi, 24 Julai

Hatuligusi. Mama mkwe amekataza, ndizi hazifunuliwi hovyo. Nimepumzika. Keza ameanza kutambaa, anaenda nyumanyuma kama gari linalotoka kwenye parking.

Zaina amepita kuchukua moto: "Eh, munazika nani humu? Mbona hamukutuita kwa matanga?" Nimecheka. Kisha nikaangalia rundo vizuri. Kweli ni kaburi. Mawe, udongo, urefu ule.

Haijanitoka kichwani siku nzima.

Jumatano, 6 Agosti

Nimefunua pembeni. Peke yangu, mama mkwe akiwa sokoni.

Baridi. Limelowa, jeusi, baridi kama tumbo la samaki. Na harufu imenirudisha nyuma: mayai yaliyooza. Nimejaza chupa, nimetikisa, nimekaa nayo kwenye ngazi ya jikoni kusubiri. Rangi rangi zikapanda juu. Nene vile vile kama siku ya kwanza.

Wiki zote hizi. Mavi yote yale.

Sijui nimeharibu nini. Nimeogopa kweli. Nimemnyonyesha Keza pale pale kwenye ngazi na hata yeye alikuwa ananiangalia.

Jumamosi, 9 Agosti

Faustin ameiona chupa, ameongea na kaka yake. Kuna chumba, tena kuna sehemu ya kulima. Amesema bila kunipigia kelele, na hiyo ni mbaya zaidi. Anasema mvua hazitungoji, na yeye hataki kuwepo siku mashine ikifika. Hataki kuona.

Mama mkwe amekaa na mgongo wake kwetu, anachambua maharage ya mbegu. Hajatetea rundo.

Mi nimemwambia Faustin: nenda wewe ukaone, mi na mtoto tuko hapa mpaka agronome arudi. Nimesema polepole. Ananijua nikisema hivyo. Hajaenda.

Jumanne, 12 Agosti

Agronome amerudi! Niliisikia pikipiki tangu kona. Nilitoka na unga mikononi.

Akaliona rundo, akavua kofia ya pikipiki, akashika kichwa. "Nani amefunga hivi?" Mama mkwe akasema: "Mimi." Amesimama wima kabisa. "Wewe si ulisema ni ndugu wa wale wa urwagwa?"

Agronome alikuwa na adabu. Akasema ndugu ni ndugu, mukecuru, lakini tabia ni mbalimbali. Wale wa pombe wanafanya kazi wakiwa wamefungiwa. Hawa wa mazutu wanakula wakiwa wanapumua, kama sisi. Ukiwanyima hewa, hawa wanaokula mazutu wanalala, na wengine wasiotakiwa wanaamka, ndio hao wa mayai. Lilihitaji kugeuzwa, kila mara, hewa iingie mpaka katikati. Na akasema kosa ni lake pia, alieleza nusu akakimbilia safari.

Mama mkwe akamwangalia Keza mgongoni kwangu. Kitenge kilikuwa kimepanda tena. Akanyoosha mkono wake mgumu ule, akakishusha chini ya pua ya mtoto, taratibu. Hakukemea. Kisha akaenda kuchukua jembe.

Sikucheka. Labda siku moja nitacheka.

Muda upo, agronome anasema. Mfupi, lakini upo. Hawajafa, wamelala tu.

Alhamisi, 14 Agosti

Tumelifungua lote. Kazi ya watu watatu. Faustin hakushuka barriere, alivua shati akaanza bila kuombwa. Tunalitoa upande huu tunalipeleka upande ule, mabonge tunayavunja kwa mikono, tunachanganya na majani makavu lisishikane. Faustin ametapika mara moja kwa harufu. Mama yake kamwambia, na ulipokuwa wa nepi mi nilitapika wapi?

Zaina juu ya ukuta: "Ah! Yesu amefufua nani?" Yeye ni Mwislamu, anapenda kututania hivyo. Kisha akaleta mavi mengine, kikapu kizima kichwani, bila kuombwa.

Jumanne, 19 Agosti

Joto limerudi. Nilikuwa wa kwanza kuingiza mkono. Nimekaa chini pale pale kwenye vumbi.

Jumatatu, 25 Agosti

Sasa tuna utaratibu. Faustin anageuza kabla ya kwenda kazini. Mi maji. Mama mkwe ni pua. Anachukua udongo katikati ya rundo, anafumba macho, ananusa kama anavyonusa urwagwa kujua imefika wapi, halafu anatoa hukumu. Leo amesema: "Bado, lakini limelegea." Agronome alikuwa hapa, naye kanusa, kasema hivyo hivyo kwa maneno marefu. Ameanza kumuuliza mama mkwe kwanza.

Chupa: rangi zipo, lakini nyembamba. Zinakatika katika. Zamani zilikuwa blanketi, sasa ni matambara.

Alhamisi, 4 Septemba

Radi upande wa volkano tangu mchana. Manyunyu yamepita. Tumekimbia wote, Faustin na miti, mi na shitingi. Safari hii tumeiezeka juu tu, kama banda, pembeni wazi. Mama mkwe anaamuru: "Acheni pua! Acheni pua!" Keza amelia kwa radi, nikamtia kifuani, nikafanya kazi kwa mkono mmoja.

Manyunyu yameisha. Nimeshuka mpaka chemchemi na chupa. Maji safi. Nimeangalia mara nyingi. Safi.

Roho yangu haijatulia. Mvua kubwa ikija wiki hii tumeisha.

Jumanne, 9 Septemba

Jua. Asante. Jua tena, tafadhali.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimejaza chupa asubuhi, nimetikisa, nimeiweka dirishani. Nimefua nepi zote kabla ya kuiangalia. Nilikuwa naogopa kioo.

Juu ya maji hakuna kitu. Maji, udongo chini, basi. Nimeigeuza kwenye mwanga huku na huku. Nimemwita Faustin, akaangalia, akasema labda chupa ni chafu, akaosha nyingine, tukaanza upya. Hakuna kitu. Mwanaume huyu!

Mama mkwe amechota konzi yake katikati ya rundo. Amefumba macho. Amekaa hivyo mpaka Faustin akaanza kukohoa. Kisha akafumbua:

"Udongo."

Ndiyo hivyo tu. Akaumwaga chini, akajipangusa mikono kwenye kitenge, akaingia ndani. Nimemfuata, nimemkuta jikoni anajifuta macho anasema ni moshi. Moto ulikuwa haujawashwa. Nimemkumbatia, sijawahi kumkumbatia. Ni mwembamba kuliko nilivyodhani.

Jumanne, 23 Septemba

Agronome alikuwa amepeleka udongo kidogo kupimwa. Leo amekuja na mkuu wa mudugudu, na nyuso zao zilisema kabla ya midomo. Zimebaki chembe tu za mazutu, hizo nazo zitaliwa. Mashine haiji. Shamba linabaki letu, hapa hapa.

Msimu huu hatupandi chakula. Agronome anataka tupande majani ya ng'ombe kwanza, maharage msimu unaofuata. Nimesema hata mawe nitapanda akitaka. Majani ni ya ng'ombe wa Zaina. Nimemwambia, akajifanya kukasirika: "Donc ng'ombe wangu akitoa maziwa ya mazutu, nakuja kwako na sufuria!" Halafu akanishika mikono yote miwili, akakaa hivyo kidogo.

Faustin amempigia kaka yake simu. Amemwambia chumba ampe mtu mwingine. Nilikuwa namenya viazi, nikajifanya sisikii.

Jumamosi, 27 Septemba

Umuganda tena, kwetu tena. Wale wale walioutoa udongo wameurudisha. Shimo limefunikwa, shamba limekuwa shamba. Nyuma ya jikoni pamebaki alama pana kwenye nyasi, na Keza amejifunza kusimama pale pale, ameshika mguu wa bibi yake.

Nimelala mchana. Hakuna aliyeniamsha.

Jumapili, 28 Septemba

Mvua imenyesha tangu alfajiri. Kubwa, ile yenyewe. Hatukwenda kanisani. Faustin amelala, mama mkwe anakaanga karanga.

Ilipopungua nilishuka na jerikani mpaka chemchemi. Nilisimama nikaangalia maji yanavyotoka. Nimezoea kutafuta rangi, macho yanatafuta tu. Hazikuwepo. Wengine walikuwa wanachota na kuondoka kama siku yoyote.

Nimechemsha maji hayo, nimeyapoza, nimemwogesha Keza. Alipiga maji kwa mikono mpaka nikalowa. Nimemfunga kwenye taulo, pua nje. Nimenusa nywele zake.

Mtoto tu.